Namba 2⁶⁷ − 1 na Historia ya Kutafuta Vigawo Vyake: Kutoka kwa Mersenne (1644) hadi kwa Cole (1903)

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya namba 2⁶⁷ − 1, ambayo kwa tarakimu zake kamili ni 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne aliiweka katika orodha yake ya namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionesha kwamba si tasa bila kutaja kigawo chake hata kimoja. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alivitaja vigawo vyake viwili. Makala yanajadili mambo matatu: chanzo cha kosa la Mersenne, sifa za kihisabati zilizoifanya namba hii iwe ngumu kuchunguzwa, na uaminifu wa simulizi maarufu la Eric Temple Bell kuhusu mkutano ambao Cole aliwasilisha matokeo yake. Hoja kuu ni kwamba simulizi hilo limemsahaulisha Lucas na kuificha mbinu ya Cole. Kwa kufanya hivyo limefifisha jambo lenye uzito zaidi katika historia hii, yaani kwamba kujua kuwa namba ina vigawo na kuvijua vigawo vyenyewe ni maarifa ya aina mbili tofauti.

1.0 Utangulizi

Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 na ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba nzima kubwa kuliko 1 isiyo tasa ni zao la namba tasa mbili au zaidi, na namba tasa hizo ndizo vigawo vyake vya msingi. Kwa namba ndogo, swali la kama namba ni tasa na swali la vigawo vyake ni vipi hujibiwa kwa pamoja. Anayesema kwamba 91 si tasa, kwa kawaida husema hivyo kwa sababu amekwisha kuona kuwa ni 7 × 13. Kwa sababu hiyo, kwa karne nyingi maswali hayo mawili yalichukuliwa kuwa swali moja.

Namba 2⁶⁷ − 1 ni miongoni mwa namba za awali ambazo maswali hayo yalitengana waziwazi. Kwa miaka 27, kuanzia 1876 hadi 1903, wanahisabati walikuwa na uthibitisho kwamba namba hii ina vigawo, lakini hapakuwa na aliyeweza kuvitaja. Hali hiyo haikuwa ya kawaida wakati ule. Leo ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya elimu ya kulinda siri katika mawasiliano ya kompyuta.

Pamoja na umuhimu huo, namba hii inafahamika zaidi kwa kisa kimoja: profesa asiyesema neno anakwenda ubaoni, anazidisha namba mbili, kisha anarudi kukaa huku akishangiliwa. Kisa hicho kinapendeza, na sehemu yake fulani huenda ni kweli. Hata hivyo, mtafiti wa historia hana budi kuuliza kinatoka wapi, kinaeleza nini na kinaacha nini. Makala haya yanaanza na usuli wa orodha ya Mersenne, yanaendelea na sifa za namba yenyewe, kisha yanapima kazi za Lucas na Cole na simulizi la Bell kabla ya kuhitimisha.

2.0 Usuli: Namba Timilifu na Orodha ya Mersenne

2.1 Kutoka kwa Euclid hadi karne ya 17

Chimbuko la namba za umbo 2ⁿ − 1 ni utafiti wa namba timilifu. Namba timilifu ni ile ambayo jumla ya vigawo vyake, bila kuihesabu yenyewe, ni sawa na yenyewe. Mfano wa kwanza ni 6, kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6; wa pili ni 28, kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28. Katika kitabu cha tisa cha kazi yake ya Elementi, Euclid alithibitisha kwamba endapo 2ⁿ − 1 ni tasa, basi zao la 2ⁿ⁻¹ na 2ⁿ − 1 ni namba timilifu. Kwa kanuni hiyo, kila namba tasa mpya ya umbo hilo ilileta namba timilifu mpya.

Ni rahisi kuonesha kwamba 2ⁿ − 1 haiwezi kuwa tasa iwapo n yenyewe si tasa. Kinyume chake si kweli, ingawa wengi waliamini hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1536 Hudalricus Regius alionesha kwamba 2¹¹ − 1, yaani 2,047, ni zao la 23 na 89. Mwanzoni mwa karne ya 17 Mwitalia Pietro Cataldi alithibitisha kwamba vipeo 17 na 19 huzaa namba tasa, lakini alidai vivyo hivyo kwa vipeo 23, 29, 31 na 37. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alibatilisha madai mawili kati ya hayo kwa kuonesha kwamba 47 hugawanya 2²³ − 1 na kwamba 223 hugawanya 2³⁷ − 1. Baadaye Leonhard Euler alionesha kwamba 233 hugawanya 2²⁹ − 1. Kati ya madai manne ya Cataldi, ni lile la kipeo 31 tu lililosimama, na Euler ndiye aliyelithibitisha kwa barua iliyochapishwa mwaka 1772.

2.2 Orodha ya mwaka 1644

Marin Mersenne (1588–1648) alikuwa mtawa wa shirika la Waminimi mjini Paris. Umaarufu wake haukutokana na uvumbuzi wake pekee. Aliandikiana barua na wanazuoni wengi wa Ulaya, akawa kiungo baina yao wakati ambapo majarida ya kisayansi yalikuwa hayajaanzishwa. Katika kitabu chake Cogitata Physico-Mathematica cha mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo ambavyo, kwa madai yake, huzaa namba tasa hadi kipeo 257: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257.

Hakutoa uthibitisho. Isitoshe, yeye mwenyewe alikiri kwamba muda wote uliopo usingetosha kuamua kama namba ya tarakimu 15 au 20 ni tasa au la. Namba 2⁶⁷ − 1 ina tarakimu 21, kwa hiyo kwa kauli yake mwenyewe Mersenne hangeweza kuwa ameipima.

Orodha hiyo ilikamilika kuhakikiwa mwaka 1947, yaani miaka 303 baada ya kuchapishwa. Ilionekana kuwa na makosa matano: vipeo 67 na 257 havikustahili kuwamo, na vipeo 61, 89 na 107 viliachwa ilhali vilistahili.

2.3 Dhana ya kosa la uchapaji

Baadhi ya wanahistoria wamependekeza kwamba 67 ni kosa la uchapaji la 61. Dhana hii ina mvuto, kwa kuwa mwaka 1883 padri wa Kirusi Ivan Pervushin alithibitisha kwamba 2⁶¹ − 1 ni tasa. Badiliko la tarakimu moja lingeondoa makosa mawili kwa mpigo.

Hata hivyo, muundo wa orodha yenyewe unatoa mwanga mwingine. Ukichukua namba tasa zote zisizozidi 257 ambazo huzidi au hupungua kipeo cha 2 kwa 1, pamoja na zile ambazo huzidi au hupungua kipeo cha 4 kwa 3, utapata 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 61, 67, 127 na 257. Orodha ya Mersenne ni hiyo hiyo, isipokuwa 61 haimo. Ulinganifu huo ni mkubwa mno kuwa wa bahati tu. Unaashiria kwamba Mersenne, au mtu aliyemwandikia, aliongozwa na umbo la vipeo kuliko hesabu ya namba moja moja. Namba 67 ni 4³ + 3 na namba 61 ni 4³ − 3, kwa hiyo zote mbili zinalingana na umbo hilo. Kwa msingi huo dhana ya kosa la uchapaji haiwezi kuamuliwa kwa umbo peke yake. Aidha, hata ikikubaliwa, haielezi kosa la 257 wala kukosekana kwa 89 na 107, ambazo hazina umbo hilo kabisa. Kinachoelekea kuwa kweli zaidi ni kwamba namba 2⁶⁷ − 1 iliingia katika historia kwa njia ya kanuni ya kubahatisha iliyoonekana nzuri katika vipeo vidogo.

3.0 Sifa za Kihisabati za 2⁶⁷ − 1

3.1 Umbo la vigawo

Ikiandikwa katika mfumo wa namba wenye tarakimu 0 na 1 tu, namba hii ni safu ya tarakimu 67, zote zikiwa 1. Umbo hilo sahili lina matokeo makubwa. Kutokana na kazi za Fermat na Euler inafahamika kwamba kila kigawo tasa cha 2⁶⁷ − 1 sharti kiwe na sifa mbili. Kwanza, kikigawanywa kwa 134, yaani 2 × 67, kibakishe 1. Pili, kikigawanywa kwa 8, kibakishe 1 au 7.

Vigawo viwili vinavyojulikana leo vinatimiza masharti hayo. Kigawo kidogo ni 193,707,721, ambacho ni sawa na 134 × 1,445,580 + 1, na kikigawanywa kwa 8 hubakisha 1. Kigawo kikubwa ni 761,838,257,287, ambacho ni sawa na 134 × 5,685,360,129 + 1, na kikigawanywa kwa 8 hubakisha 7.

Masharti hayo hupunguza kazi, lakini hayaimalizi. Kipeuo cha pili cha 2⁶⁷ − 1 kinazidi kidogo bilioni 12.1. Mtu asiyejua kigawo kilipo angekabiliwa na namba zaidi ya milioni 45 zinazotimiza masharti yote mawili. Hata angesimama mara tu alipofikia 193,707,721, angekuwa amepitia namba 722,790.

3.2 Kushindwa kwa kipimo cha Fermat

Ipo njia ya kutilia shaka utasa wa namba bila kutafuta kigawo. Kwa mujibu wa kanuni ndogo ya Fermat, namba witiri N ikiwa tasa, basi 2 ikipandishwa kwa kipeo N − 1 na kugawanywa kwa N hubakisha 1. Namba isiyobakisha 1 hakika si tasa.

Kipimo hicho hakifai kwa namba za Mersenne. Iwapo N = 2⁶⁷ − 1, basi 2⁶⁷ ikigawanywa kwa N hubakisha 1. Tena, N − 1 ni 2⁶⁷ − 2, na kwa kanuni hiyo hiyo ya Fermat namba hiyo hugawanyika kwa 67 kwa kuwa 67 ni tasa. Kwa hiyo kipeo N − 1 ni kigawe cha 67, na baki la mwisho ni 1 bila shaka yoyote. Namba hii hufaulu mtihani wa tasa ilhali si tasa. Hivyo basi, kosa la Mersenne halingeweza kugunduliwa kwa kipimo hicho, na palihitajika kipimo kingine chenye makali zaidi.

4.0 Lucas na Uthibitisho Usiotaja Kigawo (1876)

Kipimo hicho kilibuniwa na Édouard Lucas (1842–1891), mwanahisabati wa Kifaransa mzaliwa wa Amiens. Mwaka 1876 alitangaza matokeo mawili: kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa, kama Mersenne alivyodai, na kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Namba ya kwanza, yenye tarakimu 39, ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi mwaka 1951.

Kipimo cha Lucas kiliwekwa katika umbo lake la sasa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer mwaka 1930. Huanza na namba 4. Kila hatua huchukua kipeo cha pili cha namba iliyopo, hutoa 2, kisha huhifadhi baki baada ya kugawanya kwa 2ᵖ − 1, ambapo p ni kipeo tasa kisichokuwa 2. Baada ya hatua p − 2, baki likiwa 0 namba ni tasa; likiwa namba nyingine yoyote, namba si tasa. Kwa 31, yaani 2⁵ − 1, mfuatano ni 4, 14, 8, 0. Hivyo 31 ni tasa. Kwa 2,047, yaani 2¹¹ − 1, mfuatano ni 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Hauishii kwa 0, hivyo 2,047 si tasa.

Mfano huu wa mwisho unastahili kutazamwa kwa makini. Katika namba 1,736 hakuna dalili yoyote ya 23 wala 89. Kipimo kinasema kwamba vigawo vipo, kisha kinanyamaza. Kwa 2⁶⁷ − 1, umbo hili la kipimo lina hatua 65, kila moja ikihitaji kuzidisha na kugawanya namba zenye hadi tarakimu 20 au 21. Ni kazi ngumu kwa mkono, lakini inawezekana, na hatua zake ni chache mno zikilinganishwa na mamilioni ya majaribio yaliyotajwa hapo juu.

Hapa ndipo palipozuka hali mpya katika historia ya namba. Lucas alikuwa amebatilisha dai la Mersenne baada ya miaka 232, lakini msomaji aliyetaka kuhakikisha hakuwa na njia ila kurudia hesabu yote. Kosa la tarakimu moja katika hatua yoyote lingeharibu matokeo bila kuacha alama. Uthibitisho ulikuwa kamili kimantiki, lakini uaminifu wake kwa jamii ya wanahisabati ulitegemea uangalifu wa mtu mmoja.

5.0 Cole na Vigawo Viwili (1903)

5.1 Mtu na makala yake

Frank Nelson Cole (1861–1926) alizaliwa katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, akasoma Harvard na kwa Felix Klein mjini Leipzig, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alikuwa katibu wa Jumuiya ya Hisabati ya Marekani kuanzia 1896 hadi 1920. Utafiti wake mkuu ulihusu nadharia ya makundi, na jina lake limehifadhiwa katika Tuzo ya Cole inayotolewa na Jumuiya hiyo.

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Jumuiya mjini New York, Cole aliwasilisha matokeo yake kuhusu 2⁶⁷ − 1. Makala yake yenye kurasa chache yalitoka mwaka huo huo katika jarida la Jumuiya, yakiwa na kichwa kinachozungumzia kutafuta vigawo vya namba kubwa kwa ujumla. Kichwa hicho kina maana yake. Cole hakuwasilisha zao moja tu la kustaajabisha. Aliwasilisha mbinu, na 2⁶⁷ − 1 ilikuwa mfano wake.

Mbinu hiyo inatumia mabaki ya vipeo vya pili. Ikiwa namba fulani ndogo ni baki la kipeo cha pili kuhusiana na N, basi ni hivyo pia kuhusiana na kila kigawo tasa cha N. Kwa kanuni ya Gauss kuhusu mabaki hayo, sharti hilo huondoa karibu nusu ya namba ambazo zingeweza kuwa vigawo. Kila baki jipya lisilotegemea yale yaliyotangulia huondoa tena nusu ya zilizosalia. Ili kuona nguvu ya mbinu hiyo, inatosha kuchukua zile namba 722,790 zilizotajwa awali: masharti kumi ya aina hii yangeziacha zikiwa takriban 700. Mtafutaji huhamisha kazi yake kutoka katika kugawanya na kuipeleka katika kukusanya masharti.

5.2 Simulizi la Bell

Simulizi linalojulikana zaidi kuhusu siku hiyo limo katika kitabu cha Eric Temple Bell, Mathematics: Queen and Servant of Science, cha mwaka 1951. Kwa mujibu wa Bell, Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno, akakokotoa 2⁶⁷ na kutoa 1. Kisha alihamia sehemu tupu ya ubao, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287 kwa mkono. Majibu yakalingana. Wasikilizaji wakashangilia, Cole akarudi kukaa, na hakuna aliyemuuliza swali. Bell aliongeza kwamba mwaka 1911 alimuuliza Cole ilimchukua muda gani kupata vigawo hivyo, naye akajibu kwamba ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Simulizi hili linahitaji kupimwa kama chanzo chochote kingine cha historia. Kwanza, liliandikwa miaka 48 baada ya tukio, na Cole alikuwa amefariki miaka 25 kabla. Pili, mwaka 1903 Bell alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, upande wa pili wa bara. Hakuwa shahidi wa mkutano. Tatu, Bell anajulikana kwa kutia chumvi maisha ya wanahisabati. Mwaka 1982 Tony Rothman alionesha kwa kina jinsi sura ya Bell kuhusu Évariste Galois ilivyopotosha ushahidi kwa ajili ya kunogesha hadithi.

Kwa upande mwingine, si haki kulitupa simulizi lote. Bell alisoma Columbia, akapata shahada yake ya uzamivu huko mwaka 1912, na Cole alikuwa miongoni mwa walimu wake. Mazungumzo ya 1911 yanawezekana kabisa. Hata tendo la ubaoni linawezekana: namba 193,707,721 ina tarakimu tisa, lakini moja ni 0, tarakimu 7 inajirudia mara tatu na 1 mara mbili. Mzidishaji angehitaji kukokotoa mistari mitano tu iliyo tofauti, kuinakili mahali pake na kujumlisha. Ni kazi ya dakika chache.

5.3 Jumapili za miaka mitatu

Kauli kuhusu Jumapili imewafanya wasomaji wengi wamwone Cole kama mtu aliyegawanya bila kuchoka hadi akabahatika. Hesabu rahisi inaonesha kwamba picha hiyo haiwezi kuwa sahihi. Miaka mitatu ina Jumapili zipatazo 156. Kupitia namba 722,790 kungehitaji majaribio zaidi ya 4,600 kila Jumapili, yaani zaidi ya sita kwa kila dakika kwa muda wa saa 12, huku kila jaribio likihusu namba ya tarakimu 21.

Huenda ikasemwa kwamba Cole angeweza kujaribu namba tasa tu. Kwa makadirio, namba tasa zinazotimiza masharti hadi kufikia kigawo kidogo ni karibu 80,000, yaani zaidi ya 500 kwa Jumapili. Lakini majedwali ya vigawo yaliyokuwa yamechapishwa kufikia mwaka huo, kazi za Burckhardt, Dase na Glaisher, yaliishia milioni 9. Kuzitambua namba tasa kati ya milioni 9 na milioni 193 kungekuwa kazi nyingine kubwa kuliko ya kwanza. Tena, Cole hakujua kwamba kigawo kingepatikana kabla ya milioni 200. Angeweza kulazimika kwenda hadi bilioni 12.

Kwa hiyo, ikiwa Jumapili za miaka mitatu ni kweli, zilitumika katika mbinu iliyoelezwa katika makala yake. Ushahidi uliochapishwa na Cole mwenyewe una uzito kuliko taswira iliyojengwa na wasomaji wa Bell.

6.0 Maana ya Tofauti Iliyofichwa

Simulizi la ubaoni limeleta madhara mawili. La kwanza ni kumfanya Cole aonekane kuwa ndiye aliyembatilisha Mersenne, heshima ambayo ni ya Lucas. La pili ni kufanya mchango halisi wa Cole usionekane. Alichokitoa Cole hakikuwa habari kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Alitoa uthibitisho ambao mtu yeyote ajuaye kuzidisha angeweza kuuhakiki. Baada ya 1876 msomaji alipaswa kumwamini Lucas au kurudia hatua zote. Baada ya 1903 hakuhitaji kumwamini mtu.

Uzito wa tofauti hiyo ulidhihirika mwaka 1977, pale Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walipobuni njia ya kulinda siri inayotegemea ukweli kwamba kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, ilhali kuzirejesha kutoka katika zao lake ni vigumu. Mwaka huo jarida la Scientific American lilichapisha namba yao ya tarakimu 129 na kuahidi zawadi ya dola 100 kwa atakayeufichua ujumbe uliofungwa kwa namba hiyo. Vigawo vyake vilipatikana Aprili 1994, baada ya takriban miezi minane ya kazi ya watu wa kujitolea wapatao 600 walioshirikiana kupitia intaneti. Mwaka 2002 wanahisabati watatu wa India, Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, walithibitisha kwamba swali la utasa linaweza kujibiwa kwa uhakika na kwa haraka kwa namba yoyote. Kwa swali la vigawo, hakuna njia ya haraka kama hiyo inayojulikana kwa kompyuta za kawaida. Yale maswali mawili yaliyotengana katika 2⁶⁷ − 1 hayajakutana tena.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia namba moja kwa miaka 259. Yameonesha kwamba dai la Mersenne halikutokana na hesabu, na kwamba muundo wa orodha yake unaelekeza kwenye kanuni ya umbo la vipeo kuliko kwenye kosa la mchapaji peke yake. Yameonesha pia kwamba sifa za namba hii ziliwezesha kipimo cha Fermat kudanganywa, jambo lililoupa umuhimu wa pekee ubunifu wa Lucas. Kuhusu simulizi la Bell, imebainika kwamba tendo lenyewe linawezekana, lakini picha ya kazi isiyo na mbinu haiafikiani na hesabu wala na makala ya Cole.

Kwa watafiti wa historia ya hisabati, somo la namba hii ni kwamba hesabu yenyewe inaweza kutumika kama ushahidi wa kihistoria. Pale ambapo nyaraka zimenyamaza, idadi ya majaribio yanayohitajika na muda uliokuwapo vinaweza kuonesha lipi liliwezekana na lipi halikuwezekana. Kwa njia hiyo Lucas hurejeshewa nafasi yake, na kazi ya Cole hueleweka kwa namna ambayo yeye mwenyewe aliiandika.